Alizaliwa Wakati wa Kuvuna Uwele

"Bibi, hebu weka tena. Gumba la kulia."

Mama akaweka gumba juu ya kioo cha kile kidude. Taa nyekundu. Akajifuta kwa pindo la kanga, akaweka tena. Nyekundu. Kijana wa laini, aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli wake karibu na stendi ya Singida, akatoa pamba na spiriti, akaushika mkono wa mama na kumfuta kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayesafisha kidonda cha mtoto. Akajaribu cha shahada. Akajaribu cha kati. Akahamia mkono wa kushoto. Nyekundu, nyekundu, nyekundu.

"Bibi, wewe ni mkulima?"

"Tangu nipate akili."

"Ndiyo maana. Alama zimelika."

Tulikuwa tumetoka kijijini, Iramba, kabla jua halijachomoza, kwa sababu simu ya mama ilikuwa imetumbukia kisimani na hela yake ya dengu yote ilikuwa ndani ya laini. Kurudisha laini kunahitaji vitu viwili tu: namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na kidole. Kidole kilikuwa kimegoma. Kijana akasema labda amekosea kuandika namba, akaomba tena ile karatasi. Mama akafungua fundo la kanga na kuitoa. Ilikuwa imekunjwa mara nne kwa miaka, na pale kwenye mkunjo tarakimu zilikuwa zimefutika.

"Hizi za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, bibi. Nitajie nihakikishe."

Mama akanitazama mimi kwanza, halafu akamjibu. "Nilizaliwa wakati wa kuvuna uwele. Mwaka wa Uhuru. Bendera inapandishwa, mama alikuwa ananibeba mgongoni."

Kijana akabaki na kidole juu ya simu yake.

"Naomba tarehe, bibi."

Nikaitaja mimi. Moja, mwezi wa saba, sitini na moja. Alikuwa ameiandika sawasawa. Akajaribu kidole cha mwisho kilichokuwa kimebaki, cha pete, mkono wa kushoto, na kile ambacho mpini wa jembe haukukisugua sana kikakubali. Taa ikawa ya kijani. Laini ikarudi, dengu zikarudi, tukala wali kwa mama ntilie na kupanda gari la kurudi nyumbani.

Lakini jibu la mama lilinikaa kichwani wiki nzima, kisha wiki ya pili, kisha mwezi.

Katikati ya mwaka

Namba yetu ina tarakimu 20. Kila aliyewahi kuijaza kwenye fomu anaujua mwendo wake: nane, mstari, tano, mstari, tano, mstari, mbili. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tano zinazofuata ni postikodi ya mahali ulipojiandikishia. Tano nyingine ni za mfuatano, ili watu wa tarehe moja na mahali pamoja wasigongane. Mbili zinafunga.

Kwa hiyo mfumo unapoanza kumwita mama yangu, unamwita kwa siku aliyozaliwa.

Siku hiyo tulimtungia sisi.

Nakumbuka vizuri. Ilikuwa 2019, mwaka wa foleni za NIDA. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeshika kalamu, fomu ikiwa juu ya goti. Jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo, jina la mama, yote yalipita. Tulipofika tarehe ya kuzaliwa, mama alisema alichosema siku zote: wakati wa kuvuna uwele. Cheti cha ubatizo kilishaliwa na mchwa zamani. Bibi aliyemzaa alikuwa ameshafariki. Mwaka tulikuwa nao kwa sababu ya bendera, na hilo kwetu halikuwa jambo dogo, maana wenzake wengi hata mwaka hawana. Mwezi tungeweza kuubishania, kwa kuwa uwele hauvunwi siku moja, na miaka ya mvua chache huvunwa mapema. Siku ndiyo hatukuwa na pa kuanzia.

Kaka akasema, "Tuweke katikati ya mwaka. Tukikosea, hatutakosea kwa zaidi ya miezi sita."

Akaandika 1 Julai 1961.

Ni hesabu nzuri. Nimeifikiria sana, na hata leo ningefanya vilevile. Lakini mama alikuwa amelijibu swali kwa jambo alilolijua, na sisi tukalijibu kwa jambo ambalo hakuna aliyelijua, na fomu ikapokea jibu letu. Uwele haukuwa na kisanduku.

Tangu siku ile tarehe imekuwa ikifanya kazi yenyewe. Kwa kukisia kwetu, mama aliingia uzee rasmi 1 Julai 2021, alipotimiza miaka 60, umri ambao kwa sera ya nchi yetu mtu anahesabiwa mzee, na mzee asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo. Kama kweli alizaliwa Mei, alicheleweshwa. Kama ni Agosti, aliwahishwa. Na mwaka jana, asubuhi ya 1 Julai, simu yake ilipokea ujumbe wa kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Akaja nao hadi jikoni nilipokuwa napepeta mchele.

"Nani amewaambia?"

Mmoja kwa wote, mmoja kwa mmoja

Niliporudi Dar es Salaam nilimtafuta rafiki yangu aliyekaa miaka mingi kwenye kazi za mifumo ya namna hii. Nilimweleza habari ya mama, nikijua atanionea huruma. Badala yake akaniuliza swali.

"Unadhani ile namba kazi yake ni nini?"

Nikasema, kumtambulisha mtu. Kusema yeye ni nani.

Akatikisa kichwa. Akaniambia kuna mambo mawili yanayofanyika kwenye mfumo kama huu, na watu tunayachanganya. La kwanza hufanyika mara moja tu, siku ya kujiandikisha. Unaweka vidole vyako vyote kumi, na mashine inavilinganisha na vya kila mtu aliyekwishaandikwa humo ndani. Mmoja kwa wote. Haiulizi jina lako, inauliza kama mikono hii imeshawahi kupita hapa. Kama haijapita, ndipo unapewa namba, na kuanzia hapo namba na mikono vimefungwa pamoja.

La pili hufanyika kila siku, benki, kwa wakala, kwenye laini. Hapo mashine haimtafuti mtu ndani ya nchi nzima. Inaichukua namba uliyoitaja, inafungua rekodi hiyo moja, inauliza swali fupi: je, kidole hiki ndicho kile? Mmoja kwa mmoja.

"Namba haijui mama yako ni nani," akaniambia. "Inajua kwamba huyu wa leo ni yuleyule wa 2019."

Hapo nikatulia.

Maana kama ndivyo, uwele hauna ubaya wowote. Tarehe ingekuwa ya kweli au ya kukisia, mikono ni ileile, na namba inatimiza kazi yake. Mama angeweza kupewa siku yoyote ya kalenda na bado angekuwa yuleyule. Nilikaa na wazo hilo siku mbili tatu nikiwa na amani. Kisha nikaanza kujiuliza: kama tarehe haina kazi katika kumtofautisha mtu na mwingine, kwa nini imewekwa mlangoni? Na kama kinachomfunga mtu na namba yake ni vidole, tunawaambia nini wale ambao jembe, shoka, chokaa na sabuni ya kufulia vimewalamba alama zote? Mama alibakiwa na kidole kimoja.

Laini ya pili

Jambo jingine lilikuwa limetokea jioni ileile tuliporudi kutoka mjini, na nimelisogeza mbele kwa sababu ndilo lililonigeuza zaidi.

Nilichukua simu mpya ya mama, nikabonyeza *106#, ile ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Nilifanya hivyo kwa mazoea tu. Sote tumesikia habari za watu kuambiwa "kidole hakijasoma, rudia", kumbe kile kidole cha pili kinasajili laini ya mtu mwingine. Na mama alikuwa amerudia mara nyingi.

Zikaja laini mbili.

Ya kwanza yake. Ya pili siijui. Damu ikanipanda kichwani. Nilimfikiria yule kijana, pamba yake, spiriti yake, upole wake wote, nikaona tumeibiwa mchana kweupe. Nilishaanza kuvaa viatu, sijui nilidhani naenda wapi usiku ule.

Mama akaichukua simu, akaisogeza mbali kidogo na macho, akasoma ile namba taratibu.

"Hii ni ya mjomba wako."

Nikamwuliza mjomba ameingiaje humo.

"Nilimsajilia mimi. Kipindi kile cha kuzima."

Januari ya 2020 tunaikumbuka wote. Usajili wa vidole ulianza Mei 2019, mwisho ukawekwa 31 Desemba, Rais Magufuli akaongeza hadi 20 Januari, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mjomba wakati huo hakuwa na namba. Alikuwa ameenda kujiandikisha mara mbili, mara zote mbili akarudi kwa sababu barua yake ilikosa kitu, na msimu wa kulima ukawa umeingia. Siku za mwisho mwisho, mama akaenda naye hadi kwa wakala, akaweka kidole chake mwenyewe, na laini ya mdogo wake ikapona.

"Hakuwa na namba," mama akaniambia. "Ningemwacha?"

Sikuwa na jibu, na bado sina jibu kamili. Najua kilichokosewa. Kama mjomba angetumia laini hiyo kumtapeli mtu, polisi wangefika kwa mama. Kama mjomba angefariki, hela iliyomo ingekuwa ya mama kwa maandishi na ya watoto wa mjomba kwa haki. Mfumo mzima umejengwa juu ya sharti moja, mtu mmoja namba moja, na mama alilivunja.

Lakini nilipomtazama niliona hajui kwamba kuna kitu amekivunja. Kwake namba ilikuwa kama jembe la akiba. Ndugu yako hana, wewe unalo, unampa akalimie. Hivyo ndivyo alivyolelewa na hivyo ndivyo alivyotulea sisi, na ada yangu ya shule ililipwa hivyohivyo, na watu ambao majina yao hayamo kwenye karatasi yoyote. Namba inataka kila mmoja asimame peke yake, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kusimama peke yake.

Nilivua viatu.

Namba zinazosema

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuwasumbua watu kuhusu namba zao. Binamu yangu anaishi Gothenburg, Sweden, na nilipomweleza habari ya 1 Julai alicheka, akaniambia huko aliko tarehe hiyo inafahamika sana.

Wasweden wamekuwa na namba ya mtu tangu 1947. Ni fupi kuliko yetu, tarakimu kumi: sita za tarehe ya kuzaliwa, tatu za mfuatano, moja ya ukaguzi. Ile ya tatu kati ya zile za mfuatano ikiwa witiri ni mwanamume, ikiwa shufwa ni mwanamke. Sasa, tarakimu tatu zina kikomo chake. Siku moja ya kalenda haiwezi kubeba watu zaidi ya 999. Kwa watoto wanaozaliwa hospitalini haikuwa shida. Lakini walipoanza kufika watu kutoka nchi ambazo siku ya kuzaliwa haiandikwi, wengi wakiwa wamepewa 1 Januari au 1 Julai, siku hizo zikaanza kujaa. Ikabidi baadhi yao wapewe siku ya jirani, kwa sababu tu siku yao ya kukisiwa ilikuwa haina nafasi tena.

Nilimwambia mama. Akafurahi kusikia kwamba wapo wengi.

Namba nyingine zinasema zaidi ya tarehe. Ya Uganda inaanza kwa herufi, na mtu akiona CM au CF anajua mwenyewe ni raia mwanamume au raia mwanamke. Ya Rwanda ina tarakimu 16, na ndani yake kuna mwaka wa kuzaliwa na jinsia. Ya Afrika Kusini ina 13, na hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Wakati wa ubaguzi, mwishoni mwa namba hiyo palikuwa na tarakimu za kuonyesha kundi la rangi ambalo serikali ilikuwa imekuweka. Ziliondolewa 1986. Kabla ya hapo, mtu alikuwa hawezi kutaja namba yake dirishani bila kutaja rangi yake.

Nikaelewa kwamba kila kinachowekwa ndani ya namba kinasafiri nayo kila inakokwenda. Hakuna kuchagua kwamba hapa nionyeshe hiki na pale nifiche. Aliyeunganisha zile tarakimu ameshakuchagulia.

Wahindi, kule India, walikwenda njia nyingine. Namba yao, Aadhaar, ilianza kutolewa 2010 na ina tarakimu 12 zisizosema chochote. Hakuna tarehe, hakuna jimbo, hakuna jinsia. Kumi na moja zimetolewa kwa bahati nasibu, moja ya mwisho ni ya ukaguzi. Namba bubu. Taarifa za mtu zimo ndani ya rekodi, nyuma ya mlango, na namba ni kitasa tu.

Lakini si ububu wake ulionigusa. Ni kisanduku kimoja kilichomo kwenye rekodi zao. Tarehe ya kuzaliwa inaweza kuandikwa kwamba imethibitishwa kwa hati, au kwamba ni kwa maneno ya mwenyewe, au kwamba ni ya kukadiria. Mzee asiyejua siku anaruhusiwa kutaja umri, na mfumo unaandika mwaka na kukiri kwamba ni makadirio.

Unakiri!

Kumbe ndicho nilichokuwa nakitafuta wiki zote hizi. Sikutaka mama apewe tarehe ya kweli, kwa sababu haipo. Nilitaka pawepo mahali palipoandikwa kwamba haipo.

Kidole kinapoteleza

Nimetaja tarakimu ya ukaguzi mara mbili, na nilipofundishwa inavyofanya kazi nilikaa na kalamu usiku mzima, kwa hiyo nivumilie.

Chukua namba fupi, 471. Anzia kulia. Tarakimu ya kwanza izidishe kwa mbili, ya pili iache, ya tatu izidishe kwa mbili. Moja inakuwa 2, saba inabaki 7, nne inakuwa 8. Jumla 17. Ili kufika 20 pamepungua 3, basi 3 ndiyo tarakimu ya ukaguzi na namba kamili ni 4713. Sasa karani amechoka, ameandika 7413. Mashine inarudia hesabu: moja inakuwa 2, nne inabaki 4, saba inakuwa 14, na 14 inahesabiwa kama 1 na 4, yaani 5. Jumla 11. Kufika 20 pamepungua 9, lakini mwishoni pameandikwa 3. Mashine inakataa hapohapo, kabla hata ya kuuliza kanzidata.

Hivi ndivyo wanavyofanya Sweden na Afrika Kusini, na kadi nyingi za benki duniani. Ni kitu kidogo na kizuri. Mtu aliyekibuni alijua kwamba binadamu huchoka, na kwamba tukichoka hugeuza tarakimu mbili zilizo jirani.

Lakini inakamata kidole kilichoteleza tu. Haiwezi kukamata tarehe iliyokisiwa. 1 Julai ya mama itapita kila ukaguzi, katika kila mashine, hadi mwisho wa maisha yake, ikiwa safi kuliko ukweli.

Daftari la getini

Hili nitalipita haraka kwa sababu linanikasirisha. Namba inayosema ina tatizo jingine: nusu yake na zaidi inakisika. Anayejua siku yako ya kuzaliwa na kata uliyojiandikishia ana tarakimu 13 kati ya 20. Na zilizobaki tunazigawa wenyewe. Tunaziandika kwenye madaftari ya wageni getini, yaliyo wazi, kila anayekuja akiona za waliotangulia. Tunatoa kopi za kadi steshenari, kopi iliyotoka vibaya inatupwa kwenye boksi. Mwezi uliopita nilinunua karanga barabarani, na karatasi iliyofungiwa ilikuwa kopi ya kitambulisho cha mwanamke nisiyemjua, uso wake umekunjwa katikati. Niliichoma.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na sababu, na azitunze. Mlinzi wa getini hajaambiwa. Nimeanza kuuliza, kwa adabu, "Hii namba mnaitumia kwa kazi gani?" Mara nyingi mlinzi anafikiri kidogo, kisha ananiambia niandike jina na simu inatosha.

Mjomba anajaza fomu

Mtoto wa mdogo wangu alizaliwa mwaka huu, saa tisa na dakika kumi usiku. Muda umeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, pamoja na uzito na jina la mkunga. Serikali imekuwa ikizungumzia Jamii Namba, namba ambayo mtu atapewa tangu anapozaliwa badala ya kusubiri miaka 18. Kwa mtoto huyu itakuwa rahisi. Siku yake ipo, hakuna atakayeitunga.

Kizazi cha mama ndicho cha mwisho kukisiwa, nadhani. Wako wengi bado, na kila mmoja amebeba tarehe iliyoamuliwa na mtoto wake, au mjukuu, au karani mwenye haraka, juu ya goti.

Wiki iliyopita nilikuwa kijijini tena. Kikundi cha alizeti cha mjomba kinafungua akaunti ya benki, na wamemchagua yeye kuwa mweka hazina. Mweka hazina lazima awe na NIDA. Safari hii barua ya mtendaji imekamilika, na laini yake tumekubaliana ataihamishia kwa jina lake namba ikitoka. Mama alishusha pumzi aliposikia hivyo, na hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote hii jambo lile lilikuwa linamwelemea kidogo.

Tulikaa chini ya mti wa mkungu, mjomba kwenye kigoda, mama kwenye mkeka, mimi na fomu. Jina la kwanza, la kati, la ukoo. Mahali pa kuzaliwa. Tukafika.

"Tarehe ya kuzaliwa, mjomba."

Mjomba akamtazama dada yake.

Mama akakaa vizuri. "Mimi ni wa moja Julai sitini na moja," akasema, bila kusita, kama mtu anayetaja mlima uliopo. "Yeye alinifuata. Nilikuwa nimeshaanza kutumwa maji na kibuyu kidogo. Sasa kibuyu kile mtoto wa mwaka mmoja habebi. Wa miaka miwili na kitu, ndiyo."

"Kwa hiyo sitini na tatu," mjomba akasema.

"Mwishoni. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Mama alijifungua, na baba alikuwa shambani anapanda, nikatumwa kumwita. Nilikanyaga tope."

Mjomba alikuwa na miaka 62, au kama hiyo, na nilimwona anasikiliza kwa mara ya kwanza habari ya siku aliyokuja duniani: tope, kibuyu, baba akiwa na mbegu mkononi.

Nikaandika 1963. Kisha nikageuza fomu, na pembeni, mahali ambapo hapana kisanduku, nikaandika kwa penseli: mvua ya kwanza, baba anapanda. Najua karani ataifuta au ataipuuza. Kopi yake nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la mama, mchwa wasifike.

"Mvua ya kwanza mwaka ule ilinyesha mwezi gani?" nikauliza.

Wakaanza kubishana, na mimi nikashika kalamu kusubiri.